Nani Anabeba Miaka ya Kungoja Bahari Ipone?

Desemba 2022, mataifa yaliyokutana Montreal yalikubaliana kwamba ifikapo 2030 asilimia 30 ya bahari ya dunia iwe chini ya hifadhi. Tangu hapo, mvuvi mdogo anayehoji mpaka uliowekwa mbele ya kijiji chake amekuwa akichukuliwa kama mtu asiyeona mbali, anayetaka kula leo bila kujali kesho. Mtazamo huo haumtendei haki, ijapokuwa hoja ya wanaotaka maeneo yafungwe ina uzito.

Tuanze na uzito huo. Katika kisiwa cha Sumilon, Ufilipino, sehemu ya mwamba wa matumbawe ilifungwa isivuliwe mwaka 1974. Ulinzi ulipovunjika mwaka 1984 na wavuvi wakaingia, wakiwemo wenye baruti, haukupita muda mrefu kabla mavuno ya kisiwa kizima hayajashuka kwa takriban nusu. Yaani eneo la kuvulia liliongezeka, samaki wakapungua. Sababu yake inaeleweka: samaki jike aliyeachwa akakua hutaga mayai mengi mno kuliko wadogo kadhaa wenye uzito sawa na wake, na wanaozidi ndani ya hifadhi huvuka mpaka na kunaswa nje. Kwa hiyo anayesema kwamba kufunga mwamba ni kuwanyima watu kitoweo anasema nusu tu ya kweli.

Nusu ya pili ndiyo isiyopewa nafasi. Takwimu inayopendwa sana katika mijadala hii ni ya Cabo Pulmo, Meksiko, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1995, ambako uzito wa samaki uliongezeka kwa asilimia 463. Ni kweli, na inashangaza. Lakini ongezeko hilo lilipimwa kati ya 1999 na 2009, na katika miaka hiyo wakazi hawakuwa wakingoja kwa mikono mitupu: wengi walihamia kazi ya kuwapeleka wageni kupiga mbizi. Kijiji kisichofikiwa na wageni hakina pa kuhamia. Samaki wakubwa kama chewa huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa kwa mara ya kwanza, na katika miaka hiyo mwamba umefungwa, faida haijafika, na watu wanaendelea kula kila siku. Gharama ya kungoja huiangukia kaya isiyo na akiba wala shamba, huku faida ikija kugawanywa na wote, hata waliokuwa na mashine za kwenda kuvua mbali wakati wenzao wakingoja.

Hiyo asilimia 30 yenyewe nayo inastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Inahesabiwa kwa kilomita za mraba, na bahari kwa sehemu kubwa ni kina kirefu kilicho mbali na watu. Matumbawe hayafikii hata asilimia moja ya sakafu ya bahari, lakini takriban robo ya aina za viumbe wa baharini wanaojulikana huyategemea, na huko huko ndiko anakofika mvuvi wa makasia. Serikali inaweza kutimiza lengo kwa kutangaza eneo kubwa la mbali bila kumgusa mtu, wala kuwaokoa samaki wengi. Au kwa kufunga ukanda mwembamba wa pwani, ambao ni rahisi kuulinda kwa sababu wanaozuiwa hawana wakili. Mwaka 2010 Uingereza ilitangaza hifadhi ya zaidi ya kilomita za mraba 600,000 kuzunguka visiwa vya Chagos, ambavyo wenyeji wake walikuwa wameondolewa kati ya 1968 na 1973. Mwaka 2015 mahakama ya usuluhishi iliamua kwamba hatua hiyo ilikiuka wajibu wa Uingereza kwa Morisi, nchi iliyokuwa ikividai visiwa hivyo, chini ya sheria ya bahari. Kwenye ramani, eneo hilo ni mafanikio.

Kisha kuna wasiohesabiwa kabisa kuwa wavuvi. Wakati wa bamvua, maji yakipwa sana, wanawake hutembea kwa miguu juu ya mwamba kwa saa chache, fimbo ya chuma mkononi, wakichokoa pweza mashimoni na kuokota chaza. Hawana chombo wala leseni, na mara nyingi jina la mwenye leseni ndilo linaloitwa mkutanoni. Wanachookota huingia jikoni jioni ile ile, na samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao humpa mtoto madini ya chuma, zinki, kalisi na vitamini A, virutubisho ambavyo mlo wa wanga mtupu hautoi vya kutosha.

Ndiyo maana mfano wa Andavadoaka, Madagaska, unanivutia kuliko ule wa Meksiko. Kuanzia 2004, wanakijiji wenyewe walianza kufunga sehemu za mwamba kwa miezi michache ili pweza wakue, kisha wakazifungua. Pweza huishi takriban mwaka mmoja tu na hukua haraka, kwa hiyo kungoja hakuchoshi. Njia hiyo haiwezi kumrudisha chewa, na siku za ufunguzi wanaume na watu wa kutoka nje hujazana mwambani pa wanawake. Hata hivyo, muda wa kungoja ulipangwa na wale watakaolala njaa endapo hesabu itakosewa.

Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu ruzuku za uvuvi, ulioanza kutumika Septemba 2025, unagusa uvuvi haramu na samaki waliokwisha kuvuliwa kupita kiasi, lakini haujazifuta kwa ujumla ruzuku zinazoongeza ukubwa wa meli na nguvu zake. Mpangilio wa haki ungeanzia hapo, kwa kuziondoa meli za kukokota nyavu katika ukanda wa karibu kabla ya kumwondoa anayetembea kwa miguu. Na pale ambapo mwamba lazima ufungwe, mpango useme mapema ni sehemu ipi itabaki wazi wakati wa bamvua, kaya zipi zitafidiwa na kwa miaka mingapi, na ni lini wanakijiji watakaa na hesabu za samaki mbele yao wakiwa na mamlaka ya kuusogeza mpaka.