Rosine Krapf: kaburi la Nyali linasema kwa sauti ya nani?

Tarehe 13 Julai 1844 Rosine Krapf alifariki Mombasa, siku chache baada ya kujifungua mtoto wa kike. Mumewe, mchungaji na mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, alikuwa amelala kando yake, naye homa imemshika. Aliandika baadaye kwamba alijikokota kuinuka ili ahakikishe kweli mkewe amekata roho. Kichanga hakikukawia kumfuata mama. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali ya leo.

Kwa Wakristo wengi wa Kenya kaburi hilo ni mbegu iliyofukiwa ili kanisa lichipue. Aliyeanza kulisoma hivyo ni Krapf mwenyewe. Aliwaandikia waliomtuma, Church Missionary Society ya London, kwamba sasa pwani ya Afrika Mashariki kuna kaburi la upweke la mmisionari, na kwamba kanisa hupata ushindi kwa kupita juu ya makaburi ya watu wake. Wapo wanaoyasikia maneno hayo leo wakakasirika. Wanauliza: huyu mama alikufa kwa ajili ya Injili, au kwa sababu mumewe hakujua kusimama?

Hasira hiyo ina msingi. Walioana Misri mwaka 1842. Krapf alikuwa na hamu ya kurudi Shoa, Ethiopia, alikowahi kufanya kazi. Wakiwa safarini mwaka 1843, nyikani kwa Wasaho, kabila la wafugaji, bara kutoka Massawa, bandari ya Bahari ya Shamu, Rosine akajifungua kabla ya wakati. Mtoto alibatizwa Eneba, yaani chozi kwa Kiamhari, akafa. Njia ya Shoa ilipofungwa, mume hakumrudisha mkewe nyumbani apumzike. Novemba mwaka huohuo waliondoka Aden, bandari ya Yemen, kwenda kusini. Jahazi la kwanza lilivuja, wakalazimika kurudi, kisha wakapanda jingine. Mtoto wa Mombasa alizaliwa Julai, kwa hiyo tukihesabu miezi kwenda nyuma, huenda Rosine alikuwa na mimba changa katika mawimbi hayo. Mama yeyote aliyepoteza mtoto kisha akashika mimba upesi anajua mwili wake ulivyokuwa. Mimi sioni njia ya kumwondolea Krapf jambo hili, wala jumuiya iliyomtuma.

Lakini kumfanya Rosine mzigo uliobebwa tu ni kumkosea mara ya pili. Alitoka Basel, Uswisi, mji wa wamisionari, akavuka bahari ili aolewe na mtu ambaye kazi yake aliijua. Baada ya Eneba, hatari haikuwa tena habari ya kusimuliwa, naye aliendelea. Kisha kuna wosia. Aliomba azikwe bara, katika nchi ya Wamijikenda, ambao Krapf aliwaita Wanika, ili wapita njia walione kaburi na kukumbuka kilichowaleta wageni hawa. Huo ni wosia wa mtu mwenye kazi yake mwenyewe, anayetaka iendelee.

Shida ni kwamba hata wosia huo umetufikia kwa kalamu ya mumewe. Siamini kwamba aliubuni, maana hakuficha udhaifu wake mwenyewe katika habari hizo. Ila mjane anayeomboleza huchagua cha kukumbuka, na aliyeandikia wafadhili huchagua zaidi. Ninaupokea wosia kuwa wa Rosine. Kauli ya kukanyaga makaburi ili kushinda ni ya Krapf, na kanisa limekosea kuzifunga mbili hizi kwenye fundo moja.

Jambo moja wanaomlaumu hulisahau: mwaka 1844 hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye anayeeneza malaria. Daktari Mwingereza Ronald Ross alilithibitisha mwaka 1897. Homa ilidhaniwa kuwa hewa mbaya. Na kuzaa kuliua wanawake Ulaya pia, tena hospitalini: mwaka 1847 ndipo daktari Semmelweis, huko Vienna, alipoanza kuwaamuru madaktari wanawe mikono. Angebaki Basel, asingekuwa na hakika ya kupona. Mombasa kwenyewe mama wangapi, waungwana kwa watumwa, walizika vichanga mwaka huo bila jiwe la kuwataja?

Mwezi mmoja kabla ya msiba, tarehe 8 Juni, Krapf alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Ali bin Mohedin. Kazi ile ilikuja kuzaa kamusi iliyochapishwa mwaka 1882, na sisi tunaoandika lugha hii kwa herufi za Kirumi tumeirithi. Nikiifikiria nyumba ile siwezi kuona meza ya tafsiri peke yake. Namwona pia mwanamke mwenye mimba kubwa, katika joto la pwani, mwaka mmoja tu tangu azike mtoto.

Krapf aliondoka pwani mwaka 1853, akaoa tena, akafia Korntal, Ujerumani, mwaka 1881. Simlaumu kwa kuoa. Ninachoomba ni kwa wanaowapeleka wageni na wanafunzi kwenye kaburi la Nyali: msianze na 1844, wala na ushindi wa kanisa. Anzeni nyikani kwa Wasaho, na mtoto aliyeitwa Chozi, kisha muwaeleze kwamba mama yake alikubali kupanda jahazi tena.