Mataji sita ya Mauger na mataji sita ya Zmarzlik

Septemba 2025, katika uwanja wa Vojens nchini Denmark, Bartosz Zmarzlik wa Poland alitwaa ubingwa wa dunia wa spidiwei kwa mara ya 6. Tangu siku hiyo, karibu kila anayeandika wasifu wake anapitia sentensi ileile: sasa amewafikia Ivan Mauger wa New Zealand na Tony Rickardsson wa Sweden. Sita, sita, sita. Kwa hesabu ni kweli, na sina ugomvi na hesabu. Ninachokipinga ni kuyaweka mataji hayo 18 kwenye mzani mmoja kana kwamba yote yalipatikana kwa njia moja.

Kwa ambaye hajawahi kuzitazama mbio hizi: pikipiki ya spidiwei ina injini ya cc 500, inakunywa methanoli, ina gia moja, na haina breki. Haina kabisa. Madereva 4 wanajipanga nyuma ya tepe, tepe zinaruka juu, wanazunguka mara 4 katika uwanja wa duara refu wenye udongo, wakikata kona za kushoto tu, gurudumu la nyuma likiserereka na mguu wa kushoto, uliovishwa soli ya chuma, ukiburuzwa chini. Baada ya dakika moja hivi mambo yamekwisha. Wa kwanza anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anatoka mikono mitupu. Ufupi huo ndio unaozaa mjadala wote ninaouzungumzia. Ukichelewa kuachia klachi hata kwa kufumba na kufumbua, wenzako wameshaingia kona ya kwanza, na mizunguko 4 haitoshi kuwafuta machozi wanaoanza vibaya.

Tangu 1936 hadi 1994, ukiacha miaka ya vita, bingwa wa dunia alipatikana kwenye fainali moja. Madereva 16, mbio 20. Ratiba ilipangwa kwa ufundi wa kupendeza: kila dereva alishuka uwanjani mara 5, na katika mara hizo 5 alikutana na kila mmoja wa wenzake 15 mara moja tu. Alama za juu kabisa zilikuwa 15. Wakifungana, walirudi kwenye tepe kwa mbio za kuvunja sare. Kisha watu walikwenda nyumbani na bingwa amejulikana kwa mwaka mzima.

Mwaka 1995 mambo yakageuka. Mashindano ya Grand Prix yalianza, na ubingwa ukawa wa raundi nyingi katika nchi mbalimbali, pointi zikijumlishwa msimu wote. Kwa lugha ya wapenzi wa soka, walitoka kwenye mtoano wakaingia kwenye ligi. Na kama ilivyo kwenye soka, kila mmoja ana anachokipenda, na kila upande una ushahidi wake.

Nianze na wanaosema kwamba usiku mmoja ulikuwa dhuluma. Wana kesi nzito, tena inaanza siku ya kwanza kabisa. Kwenye fainali ya 1936, Wembley, London, Bluey Wilkinson wa Australia alishinda mbio zake zote 5. Hakuna aliyemtangulia usiku ule. Hata hivyo hakuwa bingwa, kwa sababu kanuni ya wakati huo iliongeza pointi za ziada zilizobebwa kutoka kwenye mechi za kufuzu, na Lionel Van Praag na Eric Langton walikuwa nazo nyingi zaidi. Van Praag akamshinda Langton kwenye mbio za kuvunja sare. Wilkinson alisubiri hadi 1938 kupata taji lake.

Halafu kuna Chorzów, 1973. Mauger, ambaye tayari alikuwa bingwa mara 4, alifungana kwa pointi na Jerzy Szczakiel, kijana wa Poland aliyekuwa mbele ya watu wake. Wakarudi kwenye tepe wawili tu. Mauger akajaribu kupita, akaanguka, na Szczakiel akawa Mpoland wa kwanza kuwa bingwa wa dunia. Szczakiel hakuwahi tena kukaribia kilele hicho. Miaka 10 baadaye fainali ilipelekwa Norden, Ujerumani Magharibi, na Egon Müller, mwenyeji, akaondoka na alama zote 15. Hadi leo ni Mjerumani pekee aliyewahi kushika taji hilo. Sisemi Szczakiel na Müller waliiba. Walishinda kwa haki mbele ya macho ya watu. Lakini uwanja unaoujua, udongo uliouzoea na umati unaokuimbia vina uzito mkubwa pale ambapo kila kitu kinaamuliwa kwa dakika 5 za mbio.

Shahidi ninayemwona mkubwa kuliko wote ni Hans Nielsen wa Denmark. Huyu alikuwa dereva wa kutegemewa wiki baada ya wiki, mtu wa ligi hasa. Kwenye fainali za usiku mmoja alipoteza mbio za kuvunja sare mara kwa mara: 1985 na 1988 mbele ya Erik Gundersen, 1994 mbele ya Rickardsson. Sasa tazama mataji yake. Mwaka 1987 fainali ilichezwa kwa siku mbili huko Amsterdam, mara pekee kufanyika hivyo, Nielsen alishinda. Mwaka 1995 Grand Prix ilipoanza, Nielsen, akiwa na miaka 35, ndiye aliyekuwa bingwa wa kwanza. Kila kipimo kiliporefushwa, yeye alipanda juu. Anayesoma wasifu wake anaona mataji 4 na kupita. Mimi nikiusoma naona mtu aliyezaliwa mapema mno kwa mfumo uliomfaa.

Kwa hiyo Grand Prix ndiyo haki? Ningependa kujibu ndiyo na kufunga mjadala, lakini mfumo huu nao una mikunjo yake.

Mwaka 2000 Mark Loram wa Uingereza alikuwa bingwa wa dunia bila kushinda raundi hata moja msimu mzima. Alikuwa karibu na mbele kila mara, na pointi zikambeba. Msimu wa 2025 wenyewe, ule uliompa Zmarzlik taji la 6, Brady Kurtz wa Australia alishinda raundi 5 mfululizo, na bado alimaliza nyuma kwa pointi moja. Pointi moja, baada ya miezi kadhaa na maelfu ya kilomita za kusafirisha injini. Anayelalamika kwamba zamani tepe moja iliamua ubingwa, hapa ataona kwamba hata ligi inaweza kuishia kwenye ukingo uleule wa wembe.

Ligi pia inaadhibu majeraha kwa namna ya kikatili. Tomasz Gollob alikuwa na taji la 1999 karibu mkononi, akaanguka vibaya kwenye mashindano mengine huko Wrocław kabla ya raundi ya mwisho, na Rickardsson akampita. Poland, iliyokuwa ikisubiri tangu Szczakiel wa 1973, ikasubiri hadi 2010 ndipo Gollob huyohuyo akalileta taji nyumbani, akiwa na miaka 39. Mwaka 2017 alianguka kwenye mazoezi ya motokrosi na kupooza miguu. Habari yake hainipi amani nikiiandika, na nadhani haipaswi kumpa amani yeyote anayezijumlisha pointi za mchezo huu kama takwimu tupu.

Kuna jambo jingine linalosemwa kwa sauti ya chini: mlango. Katika enzi ya Mauger, njia ya kwenda fainali ilikuwa michujo juu ya michujo, ya nchi, ya kanda, ya mabara, na usiku mmoja mbaya popote njiani ulitosha kumaliza mwaka wa nyota yeyote. Grand Prix inawabakiza waliofanya vizuri mwaka uliotangulia, inawapa nafasi za kudumu baadhi ya walioteuliwa, na wanaobaki wanagombania viti vichache. Zmarzlik mwenyewe alianza kuonekana kupitia dirisha dogo linaloachwa kwa dereva wa mji mwenyeji: mwaka 2014, akiwa na miaka 19, alialikwa kwenye raundi ya Gorzów, uwanja wake wa utotoni, akaishinda. Dirisha lilimtosha. Wangapi wenye kipaji kama chake hawakuzaliwa karibu na uwanja unaoandaa raundi?

Lakini tusiipambe michujo ya zamani kupita kiasi. Viti 16 vya fainali viligawanywa kwa kanda, si kwa ubora mtupu, na kanda zenye madereva wengi hodari ziliwaacha baadhi yao nje huku kanda nyingine zikijaza nafasi zao.

Katika mizani ya Zmarzlik kuna jiwe moja ambalo waandishi wengi wa Poland hawalipendi. Mwaka 2021 alishindwa na Artem Laguta wa Urusi. Mwaka uliofuata Urusi iliivamia Ukraine, shirikisho la kimataifa la pikipiki, FIM, likawafungia nje madereva wa Urusi, na bingwa hakupata nafasi ya kulitetea taji lake. Mataji manne ya Zmarzlik, kuanzia 2022 hadi 2025, yamepatikana bila Laguta kuwepo. Uamuzi wa kuwafungia naona ulikuwa na sababu zake za haki, na Zmarzlik hakuuomba. Hata hivyo wasifu unaotaja mataji hayo bila kutaja kiti kilichobaki wazi unamficha msomaji jambo analostahili kulijua.

Na bado, nikimwangalia akiendesha, nasita kumpunguzia. Septemba 2023, palepale Vojens, aliondolewa kwenye raundi kwa sababu alivaa suti isiyokuwa ile iliyoidhinishwa wakati wa kufuzu. Ubingwa aliokaribia kuufunga siku hiyo ukaning'inia hadi raundi ya mwisho, Toruń. Alikwenda Toruń akijua kwamba akikosa, kitambaa ndicho kitakachokuwa kimempokonya taji. Akalichukua. Siku hiyo mfumo wa ligi ulimletea usiku wake mmoja, na akaushinda kama wazee walivyokuwa wakifanya.

Rickardsson anasimama katikati ya hawa wawili, na pengine ndiyo sababu anasahaulika. Taji lake la kwanza, 1994, alilipata kwenye fainali ya mwisho ya usiku mmoja. Mengine 5, ya 1998, 1999, 2001, 2002 na 2005, ni ya Grand Prix. Kati ya hao watatu ni yeye pekee aliyezishinda njia zote mbili. Na ile fainali ya mwisho ilichezwa wapi? Vojens, uwanja uliojengwa na Ole Olsen, bingwa mara 3 wa enzi ya kale ambaye baadaye akawa mkurugenzi wa Grand Prix. Ukitaka kuielewa historia ya mchezo huu, unaweza kukaa Vojens na usihitaji kwenda mbali.

Msimamo wangu ni huu. Ukiniuliza ni mfumo upi unaomjua dereva bora wa mwaka, ni Grand Prix, na sidhani kama kuna hoja ya kweli kinyume chake, Nielsen ananitosha. Ukiniuliza ni taji lipi lililokuwa gumu zaidi kulitetea, nasema la Mauger. Zmarzlik akiwa na usiku mbaya Warsaw, ana raundi nyingine ya kuurekebisha. Mauger hakuwa na raundi nyingine. Ndiyo maana kushinda mara 3 mfululizo, 1968 Gothenburg, 1969 Wembley, 1970 Wrocław, kila mara nchi tofauti na udongo tofauti, naliona kuwa jambo kubwa kuliko mfululizo wowote wa enzi hii. Wamarekani wawili walimwahidi kwamba akishinda la tatu wataichovya pikipiki yake kwenye dhahabu, na walitimiza.

Tena hakuwa mtu aliyezaliwa na bahati. Alikwenda Uingereza akiwa kijana mwaka 1957, mambo yakamshinda kwenye timu ya spidiwei ya Wimbledon, akarudi New Zealand. Alirejea mwaka 1963, akaanza upya na Newcastle. Baadaye, akiwa nahodha, aliiongoza Belle Vue ya Manchester kutwaa ligi ya Uingereza mara 3 mfululizo, 1970 hadi 1972, huku akiongeza mataji 3 ya dunia ya mbio za uwanja mrefu. Yote haya hayaonekani ndani ya ile sita inayorudiwarudiwa.

Taji lake la mwisho la dunia lilikuja Septemba 1979, akiwa amebakiza mwezi mmoja kutimiza miaka 40. Ulikuwa usiku mmoja, mbio 5, bila raundi ya pili. Uwanja ulikuwa Chorzów.