Kabla ya kucheka chuma cha 1968, someni risiti yote

Wiki hii kundi letu la WhatsApp la Wabongo wa Ohio limechafuka kwa ajili ya kipande kifupi cha video. Plymouth Road Runner ya 1968, nyekundu, rangi imepauka kwenye boneti, imepangwa na Toyota Camry V6 kwenye robo maili, mbio za kunyooka za kama mita 400. Taa zinashuka, Road Runner inapiga kelele na kufuka moshi, Camry inaondoka zake taratibu utadhani inawahi abiria uwanja wa ndege, na mwisho wa njia Camry ndiyo iko mbele. Aliyeirusha kaandika: "Chuma cha babu kimeliwa na teksi." Vikatuni vya kucheka vikamiminika.

Wazee wa kundi nao hawakukubali. Magari ya zamani ndiyo magari, nguvu ya farasi 335 wa kweli, ya leo ni plastiki na kompyuta tu, na kadhalika na kadhalika. Nimesoma mabishano yote mpaka saa saba usiku nikakereka na pande zote mbili. Namwaga hapa kwa sababu kule nikizidisha mistari mitatu admini ananiambia nifungue blogu.

Nianze na wazee, kesi yao fupi. Hao farasi 335 ni wa kwenye karatasi. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 viwanda vya Marekani vilikuwa vinaipima injini ikiwa nje ya gari, imefungwa kwenye stendi, haizungushi altaneta, haina kichujio cha hewa, na ekzosi yake iko wazi bila sailensa. Hakuna aliyewahi kuendesha gari la namna hiyo kwenda dukani. Kuanzia magari ya 1972 ndipo wakaanza kutangaza nguvu ya injini ikiwa imebeba mizigo yake yote, na takwimu zikaporomoka hata kwa injini ambazo hazikuguswa kitu. Kwa hiyo mzee, ukichukua 335 za 1968 ukazipanga na 301 za Camry, unalinganisha vipimo viwili tofauti. Road Runner ile kwa kipimo cha leo haizifiki hizo 301.

Na magazeti mnayoyanukuu? Machi 1964 Car and Driver waliisifia Pontiac GTO kwamba imekata robo maili kwa sekunde 13.1. Dunia ikashangaa. Miaka mingi baadaye Jim Wangers, mtu wa matangazo wa Pontiac wenyewe, akakiri kuwa gari walilowapa waandishi halikuwa na injini ya inchi za ujazo 389 kama waliyouziwa wananchi. Lilikuwa na 421 iliyofichwa chini ya boneti ileile. Hizo ndizo rekodi ambazo watu wanazitolea machozi.

Uongo wa upande wa pili nao ulikuwepo. Corvette ya 1967 yenye injini ya L88 iliandikwa farasi 430, tano pungufu ya Corvette nyingine ya bei nafuu zaidi ya mwaka huohuo, wakati kila fundi alijua imepita 500. Walishusha namba makusudi ili mtoto wa tajiri asiiulizie. Gari halikuwekwa hita wala redio, na yaliuzwa 20 tu mwaka ule. Kwa hiyo namba za enzi hizo nyingine zimepaishwa, nyingine zimezikwa. Zote zisome ukiwa na chumvi mkononi.

Sasa nyinyi mliocheka. Kaeni.

Kwanza, kuwa mbele kwenye video si sawa na kuwa na muda mzuri. Saa ya robo maili haianzi taa ya kijani inapowaka. Inaanza pale tairi la mbele linapotoka kwenye mwale wa mwanga wa mstari wa kuanzia. Ukisinzia kwenye taa unaweza kupoteza mbio huku risiti yako, ile karatasi ya muda na spidi unayopewa ukimaliza, ikisomeka vizuri kuliko ya aliyekushinda. Risiti za magari yale hatujaziona, tumeonyeshwa mkia tu.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni tairi, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hili ndilo limeninyima usingizi.

Road Runner ile ilitoka kiwandani na matairi ya F70-14. Kwa vipimo vya sasa upana wake ni kama milimita 205 hadi 215, yaani saizi ya tairi la gari la familia. Corvette Stingray ya leo ina 305 nyuma. Halafu si upana peke yake. Nyuzi za ndani za matairi yale zilipishana mshazari, hivyo tairi likibanwa uso wake unajikunja badala ya kulala bapa, na raba yenyewe ilikuwa ngumu. Juu ya kitu hicho wakaweka injini ya lita 6.3 yenye mvutano wa kung'oa mti, na injini hiyo wakaiweka mbele, kwa hiyo zaidi ya nusu ya uzito wa gari iko juu ya matairi ambayo hayasukumi chochote. Matairi yanayosukuma yamebaki nyuma, mepesi, yanatafuta pa kushika. Kuilinganisha Road Runner na gari la leo pale mstarini ni kumpanga mtu mwenye kandambili na mwenye njumu kwenye uwanja wa tope, halafu umwambie wa kandambili hana miguu.

Majira ya joto nilikuwa Norwalk, kule kuna uwanja mkubwa wa robo maili. Mzee mmoja alikuwa na Chevelle SS ya 1970, rangi ya bluu iliyokoza. Kati ya raundi na raundi alikuwa anafungua boneti na kulaza mifuko miwili ya barafu juu ya manifoldi ya kuingizia hewa, ile ya kununua kituo cha mafuta, imefungwa kwa waya. Maji yanatiririka chini ya gari, yeye kainama anapima upepo wa matairi ya nyuma, anaupunguza kidogo, anatema mate, anapima tena. Akipanda mstarini anaachia klachi kama mtu anayemlaza mtoto: akiachia haraka matairi yanazunguka palepale, akichelewa gari linaondoka kwa uvivu. Akarudi na risiti, futi 60 za kwanza amezitumia sekunde 2.2. Akatikisa kichwa. Mimi niliyemwona nilidhani ameondoka kama risasi.

Hizo futi 60 ndizo kila kitu. Gari la leo lenye matairi mazuri na kompyuta ya kuondokea linazikata kwa 1.7 au chini ya hapo. Wazoefu watakwambia sehemu moja ya kumi ya sekunde ukiipoteza pale mwanzo inazaa sehemu za kumi moja na nusu, wakati mwingine mbili, kufika mwisho. Piga hesabu. Nusu sekunde ya mzee pale mstarini imekuwa karibu sekunde nzima kwenye risiti, na injini yake haijafanya kosa lolote. Mpaka hapo tumepima raba na lami. Na lami yenyewe siku hizi inapakwa gundi mpaka kiatu kinataka kubaki.

Ndiyo maana nasema someni risiti yote, mpaka chini kabisa kwenye spidi ya mwisho. Muda unaharibiwa na mwanzo mbaya, lakini spidi unayokatia mstari wa mwisho inaathirika kidogo sana. Inafuata nguvu na uzito. Kuna hesabu ya zamani watu wa robo maili wanaitumia: chukua farasi, gawanya kwa uzito wa gari na dereva kwa ratili, tafuta kipeuo cha tatu, zidisha kwa 234, umepata maili kwa saa. Haikosei mbali.

Tuijaribu. Chevelle ya 1970 yenye injini ya LS6 ndiyo iliyokuwa mfalme, farasi 450 za kwenye stendi. Magazeti ya wakati ule yaliipima ikikata kati ya sekunde 13.1 na 13.8, spidi ya mwisho ikicheza kwenye maili 103 hadi 108. Chukua 106, weka uzito wa ratili 4,000 pamoja na dereva. Unapata farasi 370 hivi. Kumbe hata 450 yao ukiishusha kwa kipimo cha haki inabaki injini ya kuheshimika. Sasa lete Mustang GT ya 2011, farasi 412 kwa kipimo cha sasa, gari jepesi zaidi. Inakata mstari kwenye maili 110 hivi.

Miaka 41 hiyo. Sindano za mafuta, kompyuta, vali nne kila silinda, na tofauti ya kifua cha injini ni maili nne au tano kwa saa. Muda wa Mustang ni kama 12.8 hadi 13, na sehemu kubwa ya pengo hilo ililiwa pale mwanzo, kwenye tairi. Mtu akifunga matairi ya kisasa kwenye Chevelle, na wapo wengi wanaofanya hivyo, watu huanza kuulizana amebadilisha nini kwenye injini.

Kinachonichekesha zaidi ni kwamba viwanda vyenyewe vinalijua hili kuliko nyinyi. Angalieni Dodge walivyoitengeneza Challenger Demon ya 2018. Ndiyo, ina supachaja ya kuisukumia injini hewa na farasi 840 ukiitia mafuta ya mashindano. Lakini waliivalisha Nitto za 315, matairi ya robo maili yanayoruhusiwa barabarani, jambo ambalo kiwanda hakikuwahi kulifanya. Wakalainisha springi ili uzito uhamie nyuma gari likiondoka. Na wakachukua kiyoyozi cha kumpoza dereva wakakielekeza kupoza hewa inayoingia kwenye injini. Ni mifuko ya barafu ya yule mzee, wameiwekea swichi na bei. Sekunde 9.65. NHRA, chama kinachosimamia mbio hizi Marekani, wakaandika barua ya kuipiga marufuku kwenye viwanja vyao bila kizimba cha kumlinda dereva, na Dodge badala ya kuona aibu wakaifanya barua ile tangazo. Kiti cha abiria wa mbele ukikitaka ulikuwa unaongeza dola moja. Watu wale wana vichekesho.

Halafu ikaja Demon 170 ya 2023: farasi 1,025, sekunde 8.91, spidi ya mwisho maili 151. Hapo, sawa, nanyoosha mikono. Maili 151 haziletwi na tairi. Hakuna raba utakayoifunga kwenye Chevelle ikakupa hiyo namba, hesabu yangu ya kipeuo cha tatu inanigeukia mwenyewe. Hata Corvette Stingray ya kawaida ya 2020, ile waliyoihamishia injini nyuma ya dereva, inakata sekunde 11.2 na kupita maili 120, na mwenye nayo anarudi nyumbani akisikiliza muziki kwa ubaridi. Mzee wa Norwalk gari lake lilikuja juu ya trela. Na breki za ngoma za Road Runner mwisho wa robo maili sitaki hata kuzijadili, nina familia.

Neno "zamani" nalo mliache kulitumia ovyo. Corvette ya 1975 ilitoka na farasi 165 kwa injini yake ya kawaida. Hiyo nayo ni ya zamani, na hiyo Camry inaila bila mjadala. Buick GNX ya 1987, V6 yenye turbo, magari 547 tu, ilikuwa ikiwaaibisha wenye V8 wa mwaka wake. Ipi ndiyo zamani yenu?

Ninachokipigania ni kidogo. Gari la leo unabonyeza kitufe, unakanyaga mafuta mpaka chini, kompyuta inahesabu mzunguko wa tairi na kukata nguvu kwa vipande vidogo kuliko kufumba jicho. Mjomba wangu asiyejua hata kurudi nyuma vizuri angekata sekunde 12. Kule Michigan kuna mashindano ya kila mwaka ya magari ya enzi hizo yakiwa karibu kama yalivyotoka kiwandani, na wenye kuyajua magari yao wanakata 12 na wengine wanagusa 11, kwa kabureta, plagi na mguu wa kushoto. Wakati yanauzwa mapya nani alipata muda wa kuyajua hivyo? Waandishi walipewa gari siku mbili wakarudisha funguo.

Na kabla hamjauliza: Tesla Model S Plaid ni ya Kimarekani pia, ndiyo, milango minne, viti vya watoto nyuma. Tesla wenyewe wametangaza sekunde 9.23. Haina gia ya kukosea, haina klachi, haina sauti ya kukupa cha kusimulia. Nimetafuta pa kuikosoa kwenye spidi ya mwisho nikakuta imepita maili 150. Sina la kusema, na nimekasirika.