Kupanua Uwanja ni Rahisi Kuliko Kuleta Ndege

Mji ukikua, uwanja wake wa ndege huwa wa kwanza kuumbuka. Foleni ya ukaguzi inatoka nje ya mlango, viti vya kungojea vimejaa, watu wamekalia mabegi yao, na mkanda wa mizigo ni mmoja tu, nao unakwama. Hapo hoja ya kupanua haihitaji mtetezi, kwani kila aliyepita pale anaiunga mkono. Anayepinga huja na hesabu za deni, naye huonekana mchawi wa maendeleo. Lakini ukiwasikiliza wote wawili kwa makini, utagundua wanabishana sana juu ya jengo na kidogo mno juu ya ndege. Zitatoka wapi? Zitakwenda wapi? Nani atajaza viti vyake siku ya Jumanne isiyo na sikukuu?

Wanaotaka kupanua wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Denver, Marekani, ilifungua uwanja mpya Februari 1995, umechelewa miezi 16, mitambo ya kusafirisha mizigo imeshachana masanduku mbele ya waandishi wa habari, na gharama imekaribia dola bilioni 5. Wakati ule ulikuwa kichekesho cha nchi nzima. Ila uwanja wa zamani, Stapleton, ulikuwa umezingirwa na makazi, na njia zake za kurukia zilikaribiana mno kiasi kwamba hali ya hewa ikichafuka, idadi ya ndege zinazoweza kutua ilishuka ghafla. Waliouchora uwanja mpya walichukua ardhi ya zaidi ya kilomita za mraba 130 nje ya mji. Mwaka 2024 walipita hapo abiria zaidi ya milioni 82. Waliocheka mwaka 1995 hawasikiki tena.

Kuna mfano mdogo zaidi ambao wapinzani wa miradi hii hawapendi kuusikia. Knock, kijiji cha magharibi mwa Ireland, kilijengewa uwanja wa ndege juu ya kilima chenye ukungu na matope, kwa sababu padri wa pale, James Horan, hakukubali kuambiwa haiwezekani. Serikali ilisitisha fedha katikati ya ujenzi, naye akazunguka kuchangisha. Uwanja ulizinduliwa rasmi 1986, na siku hizi unapitisha abiria zaidi ya laki saba kwa mwaka. Mchumi yeyote makini angeukataa mradi ule kwenye karatasi, na kwa takwimu alizokuwa nazo asingelaumika.

Basi tujenge tu? Upande wa pili nao una makaburi yake. Ciudad Real, kusini mwa Madrid, Hispania, ilijengewa uwanja wenye njia ya kurukia ya kilomita 4 kwa zaidi ya euro bilioni moja. Ulifunguliwa mwishoni mwa 2008, ukafungwa 2012. Matarajio yalikuwa kwamba utapokea msongamano wa Madrid, wakati Madrid yenyewe ilikuwa imeshafungua jengo jipya kubwa mwaka 2006. Mattala, kusini mwa Sri Lanka, ulifunguliwa 2013 kwa mkopo wa China. Shirika la mwisho lililokuwa na safari za ratiba liliondoka 2018. Majengo yote mawili yalikuwa mazuri. Hakuna aliyelalamikia vigae.

Mfano unaofundisha kuliko yote, kwa maoni yangu, ni Mirabel. Montréal, Kanada, ilifungua uwanja huo 1975, mbali kabisa na mji, baada ya kutwaa ardhi kubwa kuliko ile ya Denver. Tofauti ni kwamba Denver ilifunga uwanja wa zamani pale ilipofungua mpya. Montréal iliacha viwanja vyote viwili vifanye kazi: safari ndefu za kimataifa Mirabel, safari za ndani na za Marekani zikabaki Dorval, uwanja wa zamani ulio karibu na mji. Abiria aliyetoka Ulaya akielekea mji mwingine wa Kanada akajikuta anashuka uwanja mmoja na kupanda basi kwenda mwingine. Mashirika yakaona ni afadhali kuunganisha abiria Toronto. Mwaka 1997 safari za ratiba za kimataifa zikaruhusiwa kurudi Dorval, 2004 ndege ya mwisho ya abiria ikaondoka Mirabel, na jengo lenyewe likaanza kubomolewa 2014. Sehemu kubwa ya mashamba yaliyotwaliwa ilirudishwa kwa wakulima.

Nalitaja hili kwa urefu kwa kuwa wanasiasa wa miji inayokua hupenda suluhisho la katikati: tujenge mpya, lakini wa zamani tusiufunge, maana uko karibu na ofisi. Kufunga kunauma kweli. Bangalore, India, ilipohamishia safari zake uwanja mpya Mei 2008, malalamiko ya umbali yalikuwa makubwa, na hayakuwa ya uongo. Lakini mji wenye abiria wa kujaza uwanja mmoja ukiwagawa mara mbili, hauna viwanja viwili. Una nusu mbili.

Sasa tuje kwenye ndege. Mtu wa kupanga safari katika shirika la ndege hatazami jengo lako hata kidogo. Ana ndege, tuseme ATR 72 yenye viti 70, ambayo hailipi ikiwa chini. Anataka kujua itaondoka saa ngapi, itarudi saa ngapi, italala wapi, na kama viti vitajaa kwenda na kurudi. Abiria wa kwenda peke yake hamtoshi. Ijumaa jioni watu wote wanatoka mji mkuu, Jumatatu asubuhi wote wanarudi. Safari ya upande wa pili inaruka na viti vitupu na mafuta yaleyale. Mfanyabiashara anataka kufika asubuhi na kulala kwake usiku huohuo, kwa hiyo safari moja ya adhuhuri haimfai, hata nauli iwe nusu. Ndiyo maana mji unaopata ndege ndogo mara mbili kila siku unahudumiwa vizuri kuliko mji unaopata ndege kubwa mara tatu kwa wiki, ingawa picha ya ile kubwa ikitua ndiyo itakayowekwa gazetini.

Mara nyingi, tena, abiria ambao shirika linawatafuta tayari wapo, ila hawaonekani katika takwimu za uwanja. Wanasafiri kwa basi au gari binafsi kwa muda wa saa nne au tano, kwenda kupanda ndege uwanja mkubwa wa jirani, kwa sababu huko nauli ni nafuu na safari ni nyingi. Mji unaojua idadi yao, wanakokwenda na nauli wanayolipa, una kitu cha kuweka mezani mbele ya shirika la ndege. Mji usiojua unabaki na mchoro wa rangi wa jengo lijalo. Kuhesabu abiria hao ni kazi ya miezi michache na gharama yake ni ndogo, lakini haina utepe wa kukata.

Hata ile picha ya ukumbi uliofurika inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Wataalamu wa majengo ya abiria hawapimi kwa abiria wa mwaka tu. Wanapima saa yenye msongamano. Uwanja wa mji wa wastani unaweza kupokea ndege tatu kati ya saa moja na saa mbili na nusu asubuhi, watu wakasukumana, kisha kuanzia saa nne hadi saa kumi mlinzi akabaki na wahudumu wa usafi. Ukipiga picha saa moja na nusu, uwanja umezidiwa. Ukipiga saa sita, ni mzigo wa bure kwa mlipakodi. Picha zote mbili zinasema kweli. Kinachohitajika hapo huenda ni mashine ya pili ya ukaguzi, mkanda wa pili wa mizigo, na kulishawishi shirika moja lisogeze safari yake kwa dakika 40. Mashirika hayapendi kusogezwa, kila mmoja anaitaka saa ya asubuhi, lakini mazungumzo hayo ni rahisi kuliko mkopo wa miaka 25.

Kupanua kwenyewe, nako, si kitu kimoja. Watu husema "kupanua uwanja" wakimaanisha jengo, wakati kizuizi kinaweza kuwa nje kabisa, kwenye lami. Isiolo, Kenya, ilipata uwanja wenye jengo la kisasa na njia ya kurukia ya takriban kilomita 1.4. Urefu huo haumpokei mwenye ndege kama Boeing 737 iliyojaa, na ndege hizo ndizo zingebeba mizigo mingi ya kuuza nje. Songwe, unaohudumia Mbeya nchini Tanzania, ulianza kupokea ndege mwishoni mwa 2012 na njia ndefu kabisa, lakini kwa miaka mingi haukuwa na taa za kuongozea ndege. Usiku haikuwezekana kutua, na ukungu ukishuka, abiria walirudishwa walikotoka. Kwa shirika, uwanja usio na taa umepoteza nusu ya saa zake: ndege haiwezi kulala pale na kuondoka alfajiri, haiwezi kufika jioni, na ikichelewa kidogo alasiri safari inafutwa. Mji ulioko juu sana una tatizo lake pia. Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi hulazimu ndege ikimbie umbali mrefu zaidi kabla ya kupaa, au ipunguze mzigo.

Tukiwa hapohapo Addis Ababa, upanuzi wa jengo la abiria la Bole, uwanja wa mji huo, uliozinduliwa Januari 2019 hutajwa kila mara kama ushahidi kwamba ukijenga watakuja. Nadhani unathibitisha kinyume. Ethiopian Airlines ilianza kuruka 1946. Kufikia 2019 ilikuwa na ndege, marubani na mtandao wa safari uliokwisha kuwafinya abiria katika jengo la zamani. Jengo lilizifuata ndege.

Kuna na suala la mikataba, ambalo wapenda bango la "Kimataifa" hulisahau. Tangu Mkataba wa Chicago wa 1944, safari za kati ya nchi na nchi huruka kwa makubaliano ya serikali: shirika gani, mji gani, mara ngapi kwa wiki. Nchi za Afrika ziliahidiana kufungua anga zao katika Uamuzi wa Yamoussoukro wa 1999, zikarudia ahadi kwa soko moja la usafiri wa anga mwaka 2018, na bado njia nyingi zimefungwa kwa makubaliano ya nchi mbili mbili. Mji unaweza kuwa na maofisa uhamiaji, forodha na ukumbi wa wageni mashuhuri, na usipate hata safari moja ya nje kwa sababu ruhusa zote zimetumika mji mkuu.

Dawa ambayo wengi huiendea ni kulilipa shirika lije: kusamehe tozo, kuchangia matangazo, au kuhakikisha mapato ya viti vitupu. Siipingi moja kwa moja. Safari mpya inahitaji muda abiria waizoee, na mtu lazima abebe hasara ya mwanzo. Lakini India imelijaribu hili kwa kiwango kikubwa katika mpango wake wa UDAN, uliotangazwa 2016, na ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu ya 2023 inatia ubaridi. Kati ya njia 774 zilizogawiwa, 371 tu ndizo zilizoanza. Kati ya 112 zilizomaliza miaka mitatu ya ruzuku, 54 ndizo zilizokuwa bado zinaendelea Machi 2023. Mtu mwenye matumaini atasema njia 54 ni miji mingi iliyofunguliwa. Ni kweli. Mwenye shaka atauliza iwapo viwanja vya zile nyingine vilijengwa kwa matarajio ya zote.

Treni nayo hula abiria wa safari fupi pale inapokuwa ya haraka. Ufaransa ilifika hatua ya kupiga marufuku baadhi ya safari za ndani mwaka 2023 ambako treni inafika chini ya saa mbili na nusu. Kelele na hewa chafu ni madai halali ya walio jirani, hasa usiku, na fidia ya ardhi ikicheleweshwa huzaa kesi zisizokwisha.

Deni lenyewe lina namna ya kujitafuna. Mkopo wa jengo hulipwa kwa tozo, tozo huingia ndani ya tiketi, na katika safari ya dakika 50 tozo ni sehemu kubwa ya nauli. Jengo likiwa kubwa kupita abiria waliopo, tozo inapanda, tiketi inapanda, na yule wa basi anabaki kwenye basi.

Kwa hiyo mimi nipo upande wa kupanua, ila kwa mpangilio ambao wengi wataona hauna mvuto. Ardhi itwaliwe mapema na fidia ilipwe sasa, kabla nyumba hazijafika uzioni, na ipimwe kwa kiasi. Mirabel ilitwaa hadi ikarudisha. Kisha taa, njia ya kurukia na maegesho ya ndege. Kisha safari, pamoja na mkataba wa ruzuku uliowekwa hadharani na wenye tarehe ya mwisho. Jengo lije kwa vipande, na kipande cha pili kiandikwe ndani ya mkataba kwamba hakianzi mpaka abiria wa saa ya msongamano wafikie idadi fulani kwa miaka miwili mfululizo. Najua jibu la watetezi: kujenga kwa vipande ni ghali kuliko kujenga mara moja, na mkandarasi akishaondoka na mitambo yake kumrudisha kuna bei. Ni hoja nzuri. Ndiyo maana misingi, mabomba na barabara za ndani vichimbwe kwa ukubwa wa mwisho tangu siku ya kwanza, na kuta ndizo zisubiri.