Mama Aliacha Dawa za Presha kwa Sababu ya Sauti ya Dakika Tatu

Jumapili nilikuta dawa za presha za mama zimefichwa juu ya kabati, na mezani jagi la rozela na vitunguu saumu vilivyopondwa. "Zile zinaua figo, mwanangu. Imeletwa kwenye gurupu la familia." Nikaisikiliza hiyo sauti. Dakika tatu, mwanamume mpole anayejiita daktari, hataji jina wala hospitali. Nikampima mama presha: 186 kwa 104, juu sana.

Nilimkasirikia shangazi aliyeirusha. Kisha nikamuuliza mama hofu ilianzia wapi, akavuta kanga akanionyesha miguu. Vifundo vimevimba, ukibonyeza, kidole kinaacha shimo.

Dawa ya presha anayotumia mama ni amlodipine. Kuvimba miguu ni maudhi yake yanayojulikana kabisa, na daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Hakuna aliyemwambia. Dirishani alipewa kibahasha kilichoandikwa 1x1, akaitwa mwingine. Karatasi ya maelezo hakupewa, na angepewa ingekuwa ya Kiingereza. Miguu inavimba, kliniki ni mwezi ujao, simu iko mkononi. Mlitaka afanye nini? Yule mtu alimjibu kwa Kiswahili, taratibu, akimwita "mama yangu". Alimdanganya, maana presha isiyotibiwa ndiyo inayoharibu figo, lakini alimjibu.

Kwa hiyo wanaosema watu waache kutafuta mambo ya afya mtandaoni wananiudhi. Sawa, matapeli wamejaa humo na wengine wanauza chupa zao. Lakini mwaka 2011 tulipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya Babu, cha shilingi 500, tukiamini kinaponya kila kitu, na wapo walioacha ARV na dawa za kisukari, wakati magurupu haya wengi wetu hatukuwa nayo. Mtu anayeumwa atatafuta wa kumweleza.

Na presha haiumi. Ukiacha dawa leo, kesho unaamka mzima, unaamini yule wa kwenye sauti alisema kweli. Hapo ndipo ninapoogopa hasa.

Wafamasia, wauguzi, madaktari, nawaomba kwa moyo wote: semeni sentensi mbili pale dirishani. "Dawa hii inaweza kukuvimbisha miguu. Ikitokea, usiiache, rudi utuone." Kisha mzirekodi kwa sauti zenu, mtaje jina na kituo, mzitume kwenye magurupu haya haya. Mama yangu hasomi makala ndefu. Sauti anasikiliza huku anachambua mchele.

Alhamisi alibadilishiwa dawa. Jioni alishika simu akarekodi mwenyewe: "Jamani, miguu ilikuwa dawa, siyo figo. Msiache dawa zenu, nendeni mkaulize." Akaituma kwenye gurupu.

Usiku shangazi alinipigia. Naye hajameza dawa zake tangu mwezi uliopita.