Siku Redio ya Baba Mdogo Ilipokataa Kunyamaza

Kama una gari ya Kijapani ya miaka ya tisini, iangalie redio yake vizuri. Karibu na tundu la CD huenda ukakuta tundu jingine dogo limeandikwa MD. Watu huhifadhi humo risiti za maegesho. Mtoto wa jirani yetu aliwahi kuingiza biskuti, na ikapokelewa.

Tundu hilo ni la MiniDisc, kisahani cha milimita 64 kinachoishi ndani ya kasha lake la plastiki na hakitoki humo maisha yake yote. Sony walikiingiza sokoni mwaka 1992, wakitumaini kitachukua nafasi ya kaseti. Japani kilipendwa sana. Kwetu kimekuja kimeshonewa kwenye dashibodi na hakuna aliyekiuliza habari zake, isipokuwa watu wachache wenye ukaidi wa baba yangu mdogo.

Baba mdogo anauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Zamani hizo alinunua kwa mtu mashine ya MD ya mfukoni, yenye kurekodi, pamoja na visahani vyake. Kwa kuwa kalamu na yeye hawajawahi kuelewana, aliifanya daftari. Mtu akikopa, anajitenga kando, anaitoa mfukoni, anaiambia. Wachuuzi wenzake walidhani anasali. Simu za kisasa zilipokuja mashine ikaingia kwenye sanduku chini ya kitanda, ikalala.

Iliamshwa na harusi. Binti yake alikuwa anaolewa Sengerema, na baba mdogo akataka sauti ya bibi, mama yake mzazi, akiimba nyimbo za Kisukuma alizokuwa akiimba wakilima, zipigwe ukumbini. Simu yake ilikuwa imejaa video za magrupu hadi haina nafasi hata ya kupiga picha ya kitambulisho. Akafungua sanduku, akachukua kisahani, akabonyeza kufuta vyote, akaja kwangu.

Mimi ni fundi wa vitu visivyo na spea. Mashine zile zinatumia betri bapa, nyembamba, ya volti 1.2, na ya kwake ilikuwa imeoza hadi imetoa ukungu wa kijani. Kuipata Mwanza nzima ni kujitafutia kiu. Nikachonga kitako cha plastiki, nikatia springi ya kalamu ya wino, nikavuta waya mbili nje, ikawa inatumia betri ya kawaida ya saa ya ukutani. Haikuwa nzuri kwa macho lakini ilizunguka. Naisema kazi hiyo kwa sababu bila ubunifu wangu betri isingekuwa rahisi vile kuchomoka.

Jioni ile bibi akaimba. Aliimba vizuri, kwa kama dakika ishirini, akamaliza, baba mdogo akabonyeza kusimamisha. Kwenye kioo yakaanza kumeta maneno TOC Edit. Wakati huohuo umeme ukakatika. Baba mdogo, mtu wa vitendo, akachomoa betri kwenye mashine akaitia kwenye tochi.

Sasa hapo ndipo penye kisa. MD huweka sauti mahali pake na orodha ya yaliyomo, ndiyo hiyo TOC, mahali pengine. Wakati wa kurekodi inaandika sauti tu. Orodha inaandikwa mwishoni, ukishasimamisha, na ndiyo maana ya yale maneno kumeta. Ukikata umeme hapo, sauti ya bibi ipo yote kwenye kisahani lakini mashine haina habari nayo. Tulipowasha asubuhi kioo kikaandika BLANKDISC.

Baba mdogo akamwendea bibi kumwomba arudie.

“Nimeshaimba,” bibi akasema, akaendelea kuchambua choroko.

Ikabaki mimi. Wapenzi wa MD duniani wana ujanja mmoja ambao nauheshimu kuliko cheti changu cha ufundi cha VETA. Unachukua kisahani kingine cha urefu uleule, chetu kilikuwa cha dakika 74, unarekodi ukimya mwanzo hadi mwisho ili orodha yake iseme “hapa pana wimbo mmoja, umejaa kisahani kizima.” Unabadilisha kitu kidogo, jina la wimbo kwa mfano, ili mashine itake kuiandika orodha upya. Kabla haijaandika, unafungua mlango huku umekibana kile kiswichi kinachoijulisha mashine kwamba mlango umefunguka, unabadili visahani, unafunga. Mashine, masikini, haijui. Unabonyeza kusimamisha, nayo inaiandika orodha ya kisahani cha kwanza juu ya kisahani cha pili. Nilikibana kiswichi kwa kipande cha kijiti cha meno, na mikono ikitoka jasho.

Ikakubali. Bibi akaimba kwenye spika ya mezani kwangu. Baba mdogo akapiga kofi moja la furaha, akanyoosha mkono.

“Lete.”

“Subiri, ba'mdogo. Orodha inasema wimbo mmoja wa dakika 74. Bibi ameimba ishirini. Niache nikate nyuma yake, nifute yaliyobaki.”

“Yaliyobaki yapi? Mimi nilifuta vyote.”

Nikamweleza kwamba kufuta kwa MD ni kufuta orodha tu. Sauti za zamani hukaa palepale mpaka zirekodiwe juu. Akaniangalia kama fundi anayeongeza bili.

“Mgonjwa kapona, wewe unataka umrudishe tena theatre? Hapana. Feri haitusubiri.”

Akakitia mfukoni. Na ili kisipotee, akakibandikia plasta ya kidonda, akaandika juu yake kwa peni: BIBI.

Ndani ya Carina tulikuwa watano. Baba mdogo usukani, mama mdogo mbele, mimi nyuma katikati, bibi kushoto kwangu. Kulia alikaa mkwe, baba wa bwana harusi, mzee wa Sengerema mwenye kofia ya pama, aliyekuja mjini kuchukua suti na kupewa lifti ya kurudi. Heshima ilikuwa imejaa ndani ya gari hadi hapakuwa na hewa. Tukashuka hadi gati la Kamanga la mjini, tukaingizwa kwenye kivuko, tukabanwa kati ya Fuso la mkaa na Noah mbili. Abiria wa miguu wakajaza nafasi zilizobaki, wengine wameegemea boneti yetu.

Redio ya gari ile niieleze kidogo. Masafa yake ya FM ni ya Japani, 76 hadi 90, kwa hiyo stesheni zetu nyingi haizifikii. Kazi yake kubwa ilikuwa kuonesha saa, nayo ya uongo. Kitufe cha sauti kilikuwa kimechakaa ndani, ukikizungusha kushoto mara inapungua, mara inaruka juu. Ukikibonyeza ndipo inazima, ila kilishadidimia, kimeshikiliwa na kijiti cha kiberiti, hakibonyezeki tena. Halafu fundi mmoja wa umeme wa magari aliiunga moja kwa moja kwenye betri, ili baba mdogo asikilize mpira akiwa amechomoa ufunguo.

Mama mdogo akasema, “Hebu tumsikilize mama.” Akaingiza kisahani. Kikaingia kwa shida, plasta ile ilikuwa nene, kikasukumwa kwa kidole gumba mpaka kikasema klik.

Ilikuwa raha. Kivuko kimeng'oa, Jiwe la Bismarck linapita pembeni, upepo wa ziwa unaingia dirishani, bibi anaimba. Abiria wakasogea. Mama mmoja mwenye ndoo ya karanga akaanza kuitikia. Mkwe akatikisa pama lake taratibu, bibi akajisikiliza kwa uso wa mtu anayekagua kazi ya mwingine.

Bibi akamaliza. Ukimya kidogo. Kisha kwikwi moja ya mashine, na sauti ya baba mdogo, ya ujana, iliyo karibu sana na kipaza sauti:

“Haya. Jumatatu. Yule mama wa Igogo, ndoo mbili, atalipa mwisho wa mwezi, lakini mwongo.”

Baba mdogo akacheka kicheko cha kusafisha koo, akabonyeza kitufe cha kutoa. Ndani pakalia grrr, grrr. Plasta imejikunja, kisahani hakiji.

“Yule mzee wa Sengerema wa kofia ya pama, magunia matatu. Alisema kesho. Hii ni kesho ya tano. Nikimwona stendi nitamvua hiyo kofia.”

Mkwe aliacha kutikisa kichwa. Baba mdogo akazungusha sauti kushoto. Ikapanda.

“NIMVUE MBELE ZA WATU.”

Akachomoa ufunguo wa gari. Nilimwonea huruma hapo, kwa sababu alishasahau kazi ya yule fundi wa umeme. Redio wala haikukohoa.

Wa Noah wakafungua vioo. Utingo wa Fuso akakaa juu ya magunia yake ya mkaa, miguu ikining'inia, amepata kiti. Mtu akauliza nyuma, “Ni igizo la redio gani hili?” mwingine akamwambia anyamaze asikie.

“Halafu,” sauti ikaendelea, sasa kwa kunong'ona, mnong'ono uliofika hadi kwa nahodha, “kiwanja cha Buswelu nimemalizia laki mbili. Kimekwisha. Mama watoto asijue. Akijua atataka tujenge.”

Mama mdogo hakugeuza shingo. Aliendelea kuangalia mbele, kwenye tela la Fuso.

“Kiwanja gani?” akauliza.

“Hiyo mashine imechanganya,” baba mdogo akasema. Akanigeukia. “Si ndiyo, fundi? Si inaweza kuchanganya?”

“Kitaalamu, ba'mdogo, inachosoma ndicho kilichosemwa.”

“Shuka ukafungue boneti!”

Nikashuka. Mlango haukufunguka zaidi ya kiganja, nikapitia dirishani juu ya magoti ya mkwe, ambaye hakunisaidia wala hakunizuia. Abiria walioegemea boneti hawakutaka kuondoka, mmoja aliniambia kabisa, “Kaka, acha kwanza amalize ya Buswelu.” Baharia mmoja akanipa spana namba 10, nayo baada ya kuniuliza mara mbili kama ni lazima. Nikalegeza kichwa cha betri, nikang'oa waya, redio ikakata katikati ya deni la mtu wa Nansio. Nyuma yangu umati mzima ukasema “Aaah!”

Ndipo mkwe akafungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu tupande.

“Yalikuwa mawili.”

“Nini, mkwe?” baba mdogo akauliza kwa adabu ya kutisha.

“Magunia. Yalikuwa mawili, si matatu. Na moja lilikuwa nusu mchanga.”

“Dagaa zinaanikwa mchangani, mzee wangu.”

“Zinaanikwa. Haziuzwi nao.”

Bibi akawakatiza wote wawili. “Ng'wanawane,” akaniita, yaani mwanangu, “hiyo Buswelu ina maji?”

Kamanga ya ng'ambo tulisukumwa hadi nchi kavu, kwa sababu baba mdogo alikataa katakata waya urudishwe kwenye betri tukiwa bado juu ya feri, na waliosukuma ni walewale wasikilizaji, wengi kuliko tuliohitaji. Niliporudisha waya tukiwa njiani, saa ya redio ikaanza upya na kisahani kikaanza upya pia, kwa nyimbo za bibi. Nikasafiri hadi Sengerema nimeshika spana, nahesabu dakika ishirini, naruka nje, nafungua boneti, nachomoa waya, narudisha, tunaanza tena na bibi. Nyimbo zile sasa nazijua zote.

Kisahani kilikuwa bado ndani ya dashibodi siku ya harusi, kwa hiyo ukumbini hapakuwa na cha kupiga. MC akamwomba bibi mwenyewe. Baada ya kubembelezwa na ukoo mzima, akasimama, akaimba ule wimbo wa kwanza, na kufika katikati akatia maneno mapya: kuna mwanamume ana shamba la mawe Buswelu, analilinda mkewe asilione, mawe yasije yakaolewa. Wasukuma wote ukumbini wakalipuka. Mkwe alicheka hadi akavua pama mwenyewe.

Wa kwanza kwenda kumtunza bibi alikuwa mama mdogo. Alimbandika noti ya elfu kumi kwenye paji la uso, akarudi kwenye meza akapitia kwa baba mdogo, akafungua kiganja.

“Nyingine,” akasema. “Na hati uje nayo.”