Njaa peke yake haitoshi kueleza

Mwandishi wa makala ninayoijibu anadai vijana hujiunga na Al-Shabaab kwa sababu ya njaa. Ingekuwa hivyo, huku Kondele, mtaa wa watu wa kipato cha chini mjini Kisumu, tungekuwa tumeenda sote! Mmoja wa walioshambulia chuo kikuu cha Garissa mwaka 2015 alikuwa na shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na babake alikuwa chifu Mandera. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky walionyesha tangu 1979 kwamba aliyepoteza huwa tayari kubahatisha zaidi. Na kupoteza si kukosa chakula tu. Basi someni utafiti wa 2017 barani Afrika wa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa: kati ya waliojiunga kwa hiari na makundi ya itikadi kali, asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali, kama kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki, kuwa ndicho kilichowasukuma. Polisi wakizoa vijana ovyo, hasara hiyo nani anaihesabu?